Mgeni Anatoka Mbali: Namna ya Kuandaa Ofrenda ya Siku ya Wafu ya Meksiko

Ikifika mwisho wa Oktoba, familia nyingi za Meksiko hutenga kona moja ya nyumba na kuandaa meza kwa ajili ya ndugu zao waliotangulia mbele ya haki. Meza hiyo huitwa ofrenda. Madukani siku hizi imegeuzwa pambo: mafuvu ya plastiki, maua ya karatasi, taa za betri. Mimi nimeolewa Puebla, kusini-mashariki ya Jiji la Meksiko, na kwa wakwe zangu sijawahi kuiona kama pambo. Ni ugeni. Kuna mtu yuko njiani, katoka mbali, ana kiu na njaa, na wenyeji wake wanajua vizuri anachopenda na asichokigusa. Ukishika hilo, nusu ya vitu vinavyouzwa sokoni utaviacha hukohuko.

Wakatoliki wa kwetu hizi tarehe wanazijua: 1 Novemba ni Watakatifu Wote, 2 Novemba ni Marehemu Wote. Wahispania walizileta baada ya kuuangusha utawala wa Waazteki mwaka 1521, zikakutana na desturi za wenyeji za kuwalisha wafu wao, na mchanganyiko huo ndio uliobaki. UNESCO iliutambua mwaka 2003, kisha 2008 ukaingizwa kwenye orodha ya urithi usioshikika wa binadamu. Najua wasomaji wengine, Waislamu na walokole hasa, hawatataka kumwekea marehemu chakula. Hata Meksiko walokole wengi hawaandai ofrenda. Kama ndivyo, ruka meza, lakini soma sehemu ya mapishi na ya ubeti: unaweza kupika alichokipenda marehemu wako ukawagawia majirani, na hakuna dini itakayokugombeza.

Kwanza: jua nani anakuja na siku gani

Wafu hawaji wote kwa pamoja. Katika nyumba nyingi za Puebla, 28 Oktoba ni ya waliokufa kwa ajali au waliouawa. Tarehe 30 na 31 huwekwa kwa watoto waliofariki kabla ya ubatizo na wale wadogo kabisa. Usiku wa kuamkia 1 Novemba hufika watoto wengine, wanaoitwa angelitos, yaani malaika wadogo. Saa sita mchana ya tarehe 1 watoto wanaondoka na watu wazima wanaanza kuingia, wakae hadi tarehe 2. Vijiji vinatofautiana, na hata nyumba mbili za mtaa mmoja zinaweza kubishana saa, kwa hiyo fuata wazee wa nyumba uliyomo.

Chukua karatasi, andika majina. Mbele ya kila jina andika alichokula, alichokunywa, alichokivuta. Hii ndiyo kazi kubwa ya mwongozo wote huu na haihitaji hata shilingi. Wapigie simu shangazi na wajomba. Usiandike "matunda", andika "maembe mabichi kwa chumvi na pilipili". Usiandike "chai", andika kama alikunywa ya maziwa au ya rangi, na sukari vijiko vingapi. Utashangaa watu wanavyobishana kwa furaha juu ya sukari ya mtu aliyekufa miaka 20 iliyopita.

Baba mkwe alipenda Coca-Cola ya chupa ya kioo, wala si ya plastiki. Mama mkwe humwekea moja kila mwaka, na kila mwaka huifungua kabisa kabla ya kuiweka. Mara ya kwanza nilimwambia itapoteza gesi. Akanitazama kama mtu niliyeuliza swali la kitoto: sasa yeye ataifungua na nini?

Pili: jenga ngazi

Ofrenda nyepesi ina ngazi mbili, ya juu ikiwa mbingu na ya chini dunia. Yenye ngazi tatu ndiyo utakayoikuta sana. Ngazi saba ni za wenye nafasi kubwa na subira kubwa, na huelezwa kuwa ni hatua saba ambazo roho hupitia mpaka ipumzike. Usianze na saba.

Kreti za soda zinatosha. Sukuma meza ukutani, panga kreti juu yake kama ngazi, funika kwa shuka jeupe lililopigwa pasi. Hakikisha haiyumbi, maana itabeba vyungu vya moto na mishumaa inayowaka. Mbele yake, chini sakafuni, tandika mkeka. Meksiko wana mkeka wao wa matete uitwao petate, ambao zamani ulilaliwa na hata kuzikiwa watu. Kazi yake hapa ni mgeni apate pa kupumzisha miguu. Mkeka wa ukindu ulionao nyumbani utafanya kazi hiyohiyo.

Ngazi ya juu kabisa weka picha za marehemu, na kwa nyumba za Kikatoliki msalaba au picha ya mtakatifu waliyemwomba. Usiweke picha ya mtu aliye hai, hata kama yuko pembeni tu kwenye picha ya harusi. Ikibidi, kata au funika upande wake. Hili watu wanalichukulia kwa uzito sana.

Huaquechula, mji mdogo wa jimbo la Puebla, wana namna yao. Aliyefariki ndani ya mwaka huo hujengewa ofrenda ndefu ya satini nyeupe inayokaribia dari, na picha yake huwekwa ngazi ya chini ikitazama kioo, ili wageni wamwone kwenye kioo tu. Yupo, ila hamwezi kutazamana uso kwa uso.

Tatu: maji, chumvi, moto, moshi

Weka glasi ya maji safi mahali panapofikika, maana kiu ndiyo hutangulia. Asubuhi utakuta yamepungua kidogo. Yamekauka kwa joto la mishumaa, kila mtu anajua, na bado kila mtu atasema marehemu amekunywa. Ongeza mengine.

Kisahani cha chumvi huwekwa kwa ajili ya kutakasa. Mshumaa mmoja kwa kila jina, na mmoja wa ziada kwa ajili ya yule asiye na wa kumkumbuka. Huo wa ziada usiusahau. Tumia mishumaa iliyo ndani ya glasi, uipange kwenye trei yenye mchanga, mbali na pazia na karatasi. Usiku wa manane, kama hakuna atakayekesha, zima.

Ubani wa huko unaitwa copal, utomvu wa miti ya jenasi ya Bursera, na hufukizwa juu ya makaa kwenye chetezo cha udongo chenye miguu mitatu. Moshi wake ni mweupe, mzito, wenye harufu karibu na ya limau na msonobari. Sandarusi iliyochimbwa pwani yetu karne ya 19 na kupelekwa Salem, Marekani, kutengenezea vanishi iliuzwa huko kwa jina la copal pia, ingawa mti wake ni mwingine. Ukiwa Mombasa au Unguja tumia ubani wa kawaida na chetezo chako. Udi wenye marashi uache, utafunika harufu ya chakula, na inasemwa wafu hula harufu.

Nne: maua na njia ya kuingilia

Ua la siku hii ni cempasúchil, lenye rangi ya chungwa na petali zilizojaa kama pamba, harufu yake kali kidogo. Bonde la Atlixco, karibu na Puebla, hugeuka rangi hiyo mwezi wa Oktoba. Wataalamu wa mimea huliita Tagetes erecta, na asili yake ni hukohuko Meksiko na Amerika ya Kati, ila limezunguka dunia: ndilo maua yanayotungwa shada wakati wa Diwali. Basi kama uko Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam, ulizia kwa wauza maua wanaohudumia mahekalu ya Wahindi. Diwali huangukia kati ya Oktoba na Novemba, kwa hiyo agiza mapema, usingoje siku ya kuamkia.

Weka mashada mawili mazito pande zote za meza. Kisha chukua maua mengine, nyofoa petali, umwage mstari kutoka mlango wa barabarani mpaka kwenye mkeka. Ukiishi kwenye fleti, anzia mlango wako, usimwudhi mfagiaji wa ngazi. Huo mstari ndio unaomwongoza mgeni kwa rangi na harufu, kwa hiyo usiukatishe katikati. Watoto wapewe kazi hii, wanaifanya kwa moyo kuliko wakubwa.

Juu ya ofrenda hutundikwa karatasi laini za rangi zilizokatwa michoro, papel picado. Kijiji cha San Salvador Huixcolotla, hukohuko Puebla, kinajulikana nchi nzima kwa kazi hii: fundi hupanga karatasi kama 50 pamoja akazitoboa kwa patasi na nyundo. Wewe chukua karatasi laini za kufungia zawadi, zikunje mara tatu au nne, kata kwa mkasi mkali, funua, bandika kwenye uzi. Zikitikisika bila mtu kuzigusa, utasikia wakisema kuna aliyepita.

Tano: mkate wa wafu

Hapa ndipo mikono inapochafuka, na kwangu ndipo panapopendeza. Pan de muerto ni mkate laini wa duara wenye mifupa juu. Huu ndio ninaoupika:

Unga wa ngano nusu kilo, sukari gramu 100, siagi gramu 120 iliyolainika, mayai matatu, maziwa vuguvugu mililita 120, hamira ya chembe gramu 10, chumvi nusu kijiko cha chai, na maganda ya machungwa mawili yaliyoparuzwa, ile sehemu ya nje tu, nyeupe ni chungu. Ukipata maji ya maua ya mchungwa, tia kijiko kimoja cha mezani. Usitie iliki. Najua mkono utakwenda wenyewe kwenye kopo, lakini ukitia iliki umepika mahamri ya oveni.

Changanya vyote isipokuwa siagi, kanda dakika tano, ndipo uingize siagi kidogokidogo. Kinyunya kitaanza kunata na utatamani kuongeza unga. Usiongeze. Endelea kukanda dakika 10 mpaka 15, kitaacha mikono chenyewe na kuwa laini cha kung'aa. Funika, kiache kiumuke saa moja na nusu hadi mbili, mpaka kiwe mara mbili.

Tenga robo ya kinyunya kwa mifupa. Kilichobaki gawa madonge manane, viringa, panga kwenye trei ukiacha nafasi. Ile robo itoe vijiti vyembamba: weka kijiti mezani, kibiringishe chini ya vidole vilivyotanuliwa, ili penye kidole pabonyee na kati ya vidole pabaki nundu. Hizo nundu ndizo viungo vya mfupa. Weka viwili juu ya kila donge kwa umbo la msalaba, na katikati kidonge kidogo kama punje ya njegere kubwa, ndilo fuvu. Bandika kwa yai lililopigwa, la sivyo vitadondoka vikiumuka. Acha tena dakika 45, paka yai, oka nyuzi 180 kwa dakika 20 hivi mpaka viwe rangi ya kahawia. Vikiwa bado na moto, paka siagi iliyoyeyuka na ubingirishe kwenye sukari.

Mkate wa kwanza kutoka ni wa ofrenda. Mtoto akiudokoa, hakuna neno, wekeni wa pili.

Sita: vyungu vingine

Puebla ni nyumbani kwa mole, mchuzi mzito wa pilipili kavu za aina kadhaa, ufuta, lozi, viungo na chokoleti kidogo, unaomwagwa juu ya kuku au bata mzinga. Kuupika tangu mwanzo ni kazi ya siku nzima na pilipili zake hazipatikani kwetu, kwa hiyo sikushauri uhangaike. Tamales pia zinahitaji unga wa mahindi yaliyochemshwa kwa chokaa, ambao si unga wa ugali. Badala yake pika boga. Wao huliita calabaza en tacha na kila nyumba inalo: kata boga vipande vikubwa na ganda lake, panga sufuriani, weka sukari guru nusu kilo kwa boga la kilo mbili, kijiti cha mdalasini, karafuu tatu, na maji vikombe viwili. Moto mdogo, mfuniko, mpaka boga lilegee na shira iwe nzito. Mtu wa Pwani hataona ugeni wowote hapo.

Halafu weka kile ulichoandika kwenye karatasi ya hatua ya kwanza. Hapa ndipo wengi wanapotoka nje ya njia, wanaweka mole kwa babu aliyekula ugali na samaki maisha yake yote kwa sababu wameona kwenye picha. Kama ni wa ugali na samaki, mpe ugali na samaki, wa moto, kwenye sahani aliyoizoea. Chupa zifunguliwe. Sigara iwashwe mara moja. Ndizi imenywe nusu.

Mafuvu ya sukari, calaveritas, yanaweza kukosekana na hakuna kitakachoharibika. Ni kazi ya kalibu na mafundi wake, na mji wa Toluca una maonyesho yake kila mwaka. Ukipewa zawadi fuvu lenye jina lako pajini, usishtuke. Ni mapenzi.

Saba: utani

Mtanzania atakayefika hapa atajisikia nyumbani. Kama watani wanavyokuja msibani kumwigiza marehemu na kudai madeni, Wameksiko hutunga beti fupi za kejeli ambamo Kifo, ambaye kwao ni mwanamke, anakuja kumchukua mtu. Nazo huitwa calaveritas. Kwa kawaida zinamlenga mtu aliye hai: bosi, mwalimu, mwanasiasa, shemeji. Magazeti huzichapa. José Guadalupe Posada, mchoraji aliyefariki mwaka 1913, alichora mifupa iliyovaa kwa ajili ya karatasi kama hizo, na yule bibi wa mifupa mwenye kofia ya manyoya, Catrina, ni wake, ingawa Diego Rivera ndiye aliyemvalisha gauni zima kwenye mchoro wake wa ukutani wa mwaka 1947.

Mizani ya nane na vina vya kupokezana vinatosha. Huu niliutunga kwa jirani yetu muuza atole, uji wa mahindi wa huko:

Bi Kifo kaja dukani,
kamkuta muuzaji;
"Twende zetu kaburini!"
"Lipa kwanza ule uji!"

Akapekua mifuko,
hata senti haioni;
sasa anaosha miko
asubuhi na jioni.

Usomwe mezani watu wakiwa wameshakula, na anayetajwa awepo.

Nane: makaburini, na ukiwa mgeni kwa watu

Siku chache kabla, kaburi hufagiliwa, huoshwa, majani hung'olewa. Tarehe 1 jioni au tarehe 2 familia hukaa hapo na mishumaa, vyakula na mara nyingine wapiga gitaa. Mixquic, kusini mwa Jiji la Meksiko, na kisiwa cha Janitzio kwenye ziwa Pátzcuaro ndiko wageni hujazana, na siku hizi kupata pa kukanyaga ni shida. Yale maandamano makubwa ya mafuvu katikati ya Jiji la Meksiko usidhani ni ya kale: yalianza 2016, yakiiga tukio la kubuni katika filamu moja ya kijasusi.

Ukialikwa kwenye nyumba iliyofiwa mwaka huo, nenda na mshumaa au maua, mkabidhi mwenye nyumba, simama kidogo mbele ya ofrenda, kisha kaa ulipoonyeshwa. Utapewa mkate na chokoleti ya moto. Kukataa ni vibaya. Picha omba ruhusa kwanza, na ukikataliwa usisisitize. Usiguse wala kuonja kilicho juu ya meza hadi wenyewe waseme wageni wameshaondoka.

Tisa: kuvunja meza

Kwa wakwe zangu ni alasiri ya tarehe 2, kwingine tarehe 3. Mishumaa inazimwa, picha zinarudi ukutani, chakula kinagawiwa kwanza kwa majirani, halafu ndugu, mwisho wenye nyumba. Kilicholala nje na kuchacha mwaga bila aibu, hasa nyama na samaki. Vilivyo salama vitaonekana havina ladha kama ya jana, nao watakwambia ladha imeliwa. Maji ya glasi mwagia mimea, chumvi tupa. Maua yaliyokauka yana mbegu nyeusi nyembamba ndani: zianike kivulini, zifunge kwenye karatasi, uzipande mwishoni mwa Julai, yatachanua kwa wakati wake.

Mkate uliobaki utakuwa mgumu kesho yake. Kata vipande, upashe moto kikaangoni kwa siagi, uchovye kwenye chokoleti.